Ndege ya Mtumba

Ndege ilikuwa nzuri, wenye wivu wajinyonge. Nyeupe pe, mstari wa bluu ubavuni, injini mbili mkiani, viti vinane vya ngozi ya rangi ya maziwa ambavyo bado vilinukia upya wa dukani. Haikuwa kati ya zile ndogo za kukunja magoti, wala si madude ya marais. Ilikuwa ya kati na kati, ya mtu aliyefanikiwa na anayetaka ijulikane. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na ilishapita kwa wenyewe watatu, lakini hilo Mkurugenzi hakupenda litajwe. Mafundi walipoiita ndege ya mtumba, waliita kwa kunong'ona.

Mkurugenzi alikuwa ameshatangaza. Jumamosi wageni themanini wangekusanyika kwenye banda la ndege, wasikilize hotuba, wapige picha, kisha yeye na wateule wake wapae, wazunguke mji mara mbili na kushuka. Kadi zilishagawiwa. Kilichobaki ni kimoja tu: benki haikutaka kutoa fedha za kumlipa muuzaji mpaka ione ripoti ya ukaguzi yenye sahihi na muhuri wa fundi mwenye leseni. Katika kampuni nzima fundi wa namna hiyo alikuwa mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye sauti ndogo na mikono mikavu, ambaye banda zima lilimwita Mama Spana.

Alipewa siku tatu. Siku ya kwanza akakagua injini, akaridhika. Siku ya pili akakagua mabawa na magurudumu, akaridhika. Siku ya tatu, Jumatano, akaingia chooni.

Msicheke. Fundi wa ndege akitaka kujua ukweli wa ndege kuukuu haanzii kwenye viti vya ngozi. Choo cha ndege huvuja kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, na maji yake ni makali. Yakipita chini ya zulia hula sakafu na mbavu zinazoishikilia. Kitabu cha matengenezo kilisema kwamba miaka miwili iliyopita sakafu hiyo ilifunguliwa, ikakwanguliwa, ikatibiwa. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Mama Spana akakunja zulia jipya, akapiga magoti, akamulika tochi kwenye vichwa vya skrubu. Rangi ya kiwandani ilikuwa imejaa ndani ya kila kichwa, haijachubuka hata kidogo. Skrubu iliyowahi kufunguliwa haiwi hivyo. Bisibisi huikwaruza hata mkono uwe mwepesi namna gani.

"Kitabu kinasema mlifunguliwa," akaziambia. "Nyie mnasemaje?"

Akazipiga picha kwa simu, kisha akazifungua zote ishirini na nne. Chini ya sakafu akakuta unga. Kutu ya chuma ni nyekundu na kila mtu anaijua, lakini bati la ndege likioza huoza jeupe, laini, kama unga wa ngano. Akadonoa ubavu mmoja kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikazama.

Akakaa juu ya kifuniko cha choo, tochi mkononi. Roho ilimuuma, kwa sababu kwa siku mbili alikuwa ameipenda ile ndege. Pia alikuwa na hamu ya kuitia sahihi. Mafundi wa banda lile walikuwa na desturi yao, waliyorithishana kabla hata Mkurugenzi hajajua njia ya kiwanjani: anayetia sahihi hupanda wa kwanza, anakaa kiti cha nyuma kabisa. Kwa miaka kumi na saba Mama Spana alikuwa amepanda kila ndege aliyoisainia. Akakwangua ule unga kidogo, akautia kwenye bahasha, akatoka.

Chini ya ngazi alisimama Mkurugenzi, tai shingoni, na pembeni yake dalali aliyeitafuta ndege hiyo mpaka akaipata. Dalali huyo watu walimwita Asilimia, kwa sababu hakuwahi kuanza sentensi bila kutaja fungu lake. Alikuwa pia kaka mkubwa wa mume wa Mama Spana, na hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Haya Mama Spana, nipe neno tamu," Mkurugenzi akasema.

"Haifai kuruka, bosi."

"Injini?"

"Injini nzima."

"Mabawa?"

"Mazima."

"Sasa ubovu uko wapi?"

"Chooni."

Mkurugenzi akaangua kicheko, na Mkurugenzi akicheka kila aliye karibu hujikuta anacheka. Wakacheka wapaka rangi, akacheka mfagiaji. Asilimia akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mimi nanunua ndege," Mkurugenzi akasema, "wewe unaniletea habari za choo!"

"Bosi, ndege ikipanda inajazwa hewa ndani, inavimba. Ikishuka inanywea. Zinazoishika isipasuke ni mbavu. Hizi za nyuma zimeliwa. Na kitabu kinadanganya, hapajawahi kufunguliwa. Mrudishie mwenyewe ndege yake."

"Nimeshatoa malipo ya awali. Nimeshaalika watu." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ijumaa saa nne asubuhi mtu wa benki atakuwa ofisini kwangu. Ripoti, sahihi, muhuri. Na kabla hujaja uoge, unanuka choo."

Mama Spana alisikia mtu nyuma yake akicheka tena. Hakugeuka kumtazama. Alikunja mikono ya ovaroli yake, akaenda kunawa kwenye bomba la nje, na alinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kampuni: vyumba vitatu, jiko, na uwanja wa kuanikia nguo. Mume alikuwa dereva wa Mkurugenzi. Kwa hiyo kampuni iliwashika kotekote, kazi ya mke, kazi ya mume, na paa juu ya vichwa vyao. Chumba cha tatu alilala mama wa mume, mjane aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe pembeni mwa mji, imejengwa mpaka kwenye linta na kuishia hapo, mwaka wa sita sasa.

Jioni ile Mama Spana alikuta jiko la gesi limesimama katikati ya sebule. Plati nne, jipya, bado lina nailoni. Mama mkwe alikuwa analizunguka kama anayetafuta mlango.

"Ameniletea mwanangu," akasema. "Tena anasema mwezi ujao ananiezekea nyumba. Mabati ya rangi!"

Asilimia alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Mume wa Mama Spana alikaa kwenye stuli, amekumbatia sahani yake. Wakala wote wanne, na mpaka sahani zikawa nusu hakuna aliyesema jambo lenye maana.

"Shemeji," Asilimia akaanza, "fungu langu ni asilimia tatu. Tatu tu. Lakini asilimia tatu ya ndege si mchezo. Paa la mama limo humo. Ada za watoto wenu walioko shule ya bweni zimo humo. Mimi si mtu wa kula peke yangu."

"Najua, shemeji."

"Basi tusaidiane. Kila kilichotumika kina kasoro yake. Watu wanaoana hata hawakaguani hivyo!"

"Ndiyo maana wengi wanaachana," Mama Spana akajibu. "Angani hakuna talaka, shemeji."

Mumewe akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza. Hata hivyo hakuwa na uhakika wa huo upande.

Mama Spana akainuka, akaleta kisosi, akamimina juu yake kile kilichokuwa ndani ya bahasha. Mama mkwe akainama, akanusa.

"Ni nini hiki, hamira?"

"Ni ndege, Mama. Hapo nyuma ilipaswa kuwa bati gumu. Sasa iko hivi."

Mama mkwe akachovya vidole viwili, akasugua, akatazama weupe uliobaki kwenye ngozi yake. Aliyesema ni Asilimia, na sauti ilikuwa imeacha utani.

"Vumbi hili ndilo litakalomnyima mama yangu paa? Wewe umeolewa humu, shemeji. Ukoo huu haujawahi kukunyima kitu."

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, akimwelekea mkwewe, "ni sahihi tu. Si wewe uliyeiozesha."

"Siyo mimi, Mama. Lakini nikisaini, itakuwa mimi."

Mume akaweka sahani chini. "Mke wangu, fikiria na sisi," akasema, huku macho yake yakiwa kwenye jiko la gesi.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko cha bandani. Mama Spana akachukua kisosi chake, akakiweka juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo.

*

Alhamisi mume alipofika kazini alikuta gari la Mkurugenzi linaendeshwa na mtu mwingine. Yeye akapewa kitambaa na ndoo, akaambiwa afute viti themanini vya wageni. Akavifuta, suti yake ya udereva ikiwa mwilini, wenzake wakipita na kujifanya hawamwoni. Saa tano karani akamletea barua katika bahasha isiyofungwa, kwa hiyo alikuwa wa nne kuisoma. Ilisema nyumba inahitajika kwa mtumishi mwingine, ila suala hilo "litatazamwa upya baada ya Ijumaa". Karani akaongeza kwa mdomo, kama mtu anayemtilia mgonjwa sukari kwenye dawa: "Lakini bosi kasema Jumamosi utapanda naye. Utabeba mikoba, utawagawia wageni vinywaji. Umepewa heshima."

Wakati huohuo Asilimia alikuwa nyumbani, peke yake na mama yake.

"Mama, muhuri wa shemeji huwa anauweka wapi?"

"Kwenye kopo la sindano, chumbani. Kwa nini?"

"Nipe nimpelekee. Ameusahau."

Mama mkwe alikuwa mzee, lakini uzee si ujinga. Mkwewe hakuwahi kusahau kitu cha kazi. "Mwandiko wake je?" akauliza. "Muhuri hauna mkono."

"Mkono utapatikana." Asilimia akatabasamu. "Wewe fikiria mabati, Mama."

"Haya. Lakini niambie kitu, baba. Mkwe wangu akisaini ndege huwa anapanda yeye kwanza. Siku hizo mimi sinywi hata chai mpaka arudi. Hii wewe ndiye uliyeileta. Jumamosi utapanda?"

"Mimi?" Asilimia akatazama saa yake. "Mimi Jumamosi nitakuwa na wageni huku chini, Mama. Nani atawapokea? Ila mdogo wangu atapanda. Bosi mwenyewe kamchagua."

Mama mkwe akamtazama mtoto wake wa kwanza kwa kitambo kirefu. Alimtazama viatu, akamtazama tumbo, akamtazama saa. Kisha akaingia chumbani. Kopo likasikika likifunguliwa, sindano na vifungo vikachakarika, likafungwa.

"Hamna kitu," akasema akirudi. "Labda kaenda nao kazini."

Asilimia aliondoka bila kuaga vizuri.

*

Jioni mume alirudi na barua na mikono iliyochubuka kwa sabuni. Ugomvi uliofuata majirani waliusikia wote, na mimi sioni sababu ya kuupunguza.

"Sahihi yako imekula kazi yangu!" alisema.

"Sijaiweka bado, itakulaje?"

"Nimefuta viti vya watu leo! Themanini! Na suti!"

"Na mimi nimeambiwa nanuka choo mbele ya kaka yako, akacheka. Ulisikia nikilia?"

"Wewe hulii! Ndiyo shida yako, huogopi kitu!"

"Naogopa!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ndogo ilijaza nyumba. "Naogopa kila siku. Kila nikikaa kile kiti cha nyuma naogopa. Ndiyo maana sisaini uongo."

Usiku huo walilala wamepeana migongo.

Ijumaa asubuhi Mama Spana alivaa ovaroli safi, akaweka ripoti yake kwenye bahasha, akafungua kopo la sindano. Muhuri haukuwamo. Akamwaga kila kitu kitandani, vifungo, uzi, mkasi, akapekua mara mbili. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa anafunga viatu.

"Umempa kaka yako."

"Sijampa mtu kitu."

"Usinifanye mtoto. Kaulizia muhuri, ukampa!"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu!" Alisimama na kiatu kimoja, na uso wake uliumia kiasi kwamba Mama Spana alitaka kumwamini akashindwa. "Umenioa miaka ishirini hunijui?"

Hata yeye mwenyewe hakugundua alivyoligeuza hilo neno. Aliyegundua ni mama yake, aliyekuwa mlangoni.

"Mwache mumeo, mwanangu," akasema. "Hata kuoa kwenyewe hajui nani kaoa nani, atajua kuiba?" Akaingiza mkono kifuani, ndani kabisa ya blauzi, akatoa muhuri. "Huu hapa. Nimelala nao. Umeniacha na alama ya namba zako hapa, kama ng'ombe wa serikali."

Mama Spana akaupokea. Ulikuwa na joto.

"Mama, nikienda nao huko, nyumba hii imekwenda. Na paa lako limekwenda."

"Nimemuuliza mwanangu kama atapanda. Katazama saa." Mama mkwe akakaa kitandani, juu ya vifungo. "Mimi nilizaa wawili. Mmoja hapandi, mwenzake anapandishwa. Hilo si paa, hilo ni jeneza la bati. Nenda ukapige muhuri wako. Upige kwa nguvu."

Mume akavaa kiatu cha pili, akamsindikiza mkewe.

*

Ofisini walikuwa wanne: Mkurugenzi, Asilimia, mtu wa benki mwenye miwani, na Rubani, kijana mpole aliyeitwa aje avae kofia yake picha zipendeze. Mbele ya kiti kitupu palikuwa na ripoti iliyokwisha kuchapwa. Jina la Mama Spana lilikuwa chini yake, na juu ya jina pamebaki nafasi.

"Tumekurahisishia," Mkurugenzi akasema. "Hapo tu."

Mama Spana hakukaa. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka pembeni kama mtu anayesogeza sahani ya mwenzake. Akatoa ya kwake, kurasa tatu zilizoandikwa kwa mkono wake. Ya mwisho ilisema: HAIFAI KURUKA. Akaisaini hapohapo wakimwona, akapiga muhuri. Kalamu zikaruka mezani.

"Hii ndiyo ripoti," akamwambia mtu wa benki. "Namba ya leseni ni hiyo hapo. Kitabu cha ndege kina kazi iliyoandikwa na haikufanyika. Picha za skrubu ziko ukurasa wa pili."

Mtu wa benki akavua miwani, akaivaa tena, akaanza kusoma.

"Unajua nyumba umeipoteza," Mkurugenzi akasema taratibu. "Na kazi. Na mumeo."

"Mume ninaye, ananisubiri getini. Hivyo vingine chukua."

"Nitampata fundi mwingine. Pesa haikosi mkono wa kusaini."

"Mtafute. Akipatikana, mwambie desturi ya banda: anayesaini hupanda wa kwanza. Na leo naiongezea. Aliyemlazimisha akae kushoto kwake, aliyeileta ndege akae kulia." Akamgeukia Asilimia. "Shemeji, utapanda?"

Asilimia alianza kusema asilimia kitu gani sijui, halafu akatazama saa. Ndipo Rubani akavua kofia yake mpya, akaiweka mezani juu ya ile ripoti iliyokunjwa.

"Mimi sipandi, bosi," akasema. "Nina mama."

Mtu wa benki alikuwa anafunga mkoba wake.

*

Jumamosi wageni themanini walikuja, kwa kuwa kadi haifutiki. Walikaa kwenye viti vilivyofutwa vizuri sana, wakasikiliza hotuba kuhusu subira, wakapiga picha chini ya bawa. Hakuna aliyepanda hata ngazi.

Hakuna pia aliyewapa Mama Spana na mumewe mkono wa ahsante, tusidanganyane. Muda wa wageni kunywa soda, wao walikuwa wanapakia magodoro kwenye lori la kukodi. Mume alikuwa amerudisha mwenyewe funguo na suti, ameipiga pasi, asije mtu akasema. Walikuwa wanahamia kwenye nyumba ya mama, ile ya kuishia linta. Mama Spana alikuwa amekwisha kulipima paa kwa macho: zingetosha turubai mbili za kufunikia ndege, zilizochakaa, alizouziwa na mlinzi wa banda kwa bei ya bure na risiti juu.

"Mvua ikija itavuja, Mama," mume akasema.

"Ivuje. Ikivuja tutaona inapovujia. Afadhali hivyo kuliko kuwekewa zulia." Mama mkwe alishapanda mbele, karibu na dereva wa lori, mkoba mapajani. Kisha akafungua mlango tena. "Ngojeni."

Akashuka, akaingia ndani. Sebule ilikuwa tupu isipokuwa jiko la gesi, katikati, na nailoni yake. Lori lilikuwa na nafasi. Mume alikuwa amewauliza mara mbili kama walichukue. Mama mkwe akanyoosha mkono juu ya kabati la ukutani, akashusha kile kisosi chenye unga mweupe, akakiweka juu ya plati ya kwanza, katikati kabisa, kama anayebandika chungu.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni, anashangaa.

"Akija mwanangu mkubwa kulichukua," mama mkwe akamwambia, "mwambie unga wake nimemwachia. Apike, ale yeye."

Akapita, akapanda lori, akafunga mlango mwenyewe.